Tailizi za Mama

Kopo ndilo lililotangulia kuanguka. Nililisikia likigonga sakafu na kujiviringisha, halafu ukaja mshindo mzito, na baada ya mshindo maji yakaanza kufoka. Ilikuwa saa kumi na robo alfajiri. Adhana ilikuwa bado, watoto wamelala, na mtu pekee anayekuwa macho saa hizo nyumbani kwetu ni Mama.

Nyumba yetu iko Ngamiani, hapa Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ni nyumba ya Kiswahili ya zamani: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na mwisho wa ua, ukishalipita jiko, ndipo lilipo bafu. Babu aliijenga kwa miti na udongo. Baba alipopata fedha akaipiga lipu ya saruji ndani na nje, hata mgeni akiiona hudhani ni ya matofali. Hilo la udongo chini ya lipu naomba msomaji alishike, maana litarudi.

Nilipofika uani, mlango wa bafu ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani na maji yanapita chini yake. Nikaita. Kimya. Nikaita mara ya pili, ndipo Mama akaitika, lakini sauti haikutoka mahali inapotoka sauti ya mtu aliyesimama. Ilitoka chini, usawa wa goti langu, nyuma ya ubao wenyewe.

"Nipo, mwanangu. Usipige kelele, utaamsha watoto."

Nikasukuma mlango. Haukwenda. Nikaweka bega, nikasukuma kwa nguvu, naye akaguna kwa maumivu, na hapo ndipo nilipoelewa. Mlango ule ulikuwa ukifunguka kwa ndani, na Mama ameanguka nyuma yake, mgongo umeegemea ubao. Hata ningelivunja komeo, kila nikisukuma ningekuwa namsukuma yeye. Nimeishi katika nyumba hii tangu kuzaliwa, nimeufungua mlango ule maelfu ya mara, na sikuwahi kujiuliza unafunguka upande gani.

Kilichotusaidia ni kwamba ukuta wa bafu haufiki kwenye bati. Pameachwa nafasi ya kupitisha hewa, na mpwa wangu wa miaka 14 alipanda juu ya pipa la akiba, akajipenyeza.

"Bibi, nashuka."

"Shuka taratibu, baba. Huku chini hapasimamiki."

Alipotua, miguu yote miwili ilimtoka, akajishika ukutani kwa viganja. Akataka kulivuta komeo, Mama akamzuia. Alimwambia kwanza atungue kanga iliyokuwa msumarini, amfunike. Kijana akamfunika bibi yake, akamshika kwapani, akamsogeza kidogo kidogo mpaka mlango ukapata nafasi. Jirani yetu, aliyesikia vurugu, alikwishakimbilia mbele kufunga koki kubwa iliyo karibu na mita.

Mama alikuwa ameketi ndani ya maji. Mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika koki ya ukutani, aliyoidaka alipohisi anakwenda, nayo ikakatika shingoni. Mkono wa kushoto, ule aliojitegemeza nao chini, ulikuwa umepinda juu ya kifundo kama mgongo wa uma. Baadaye niliambiwa na daktari kwamba ndivyo mfupa wa pale unavyoonekana ukivunjika mtu akiangukia kiganja.

Alifungwa hogo la wiki 6. Daktari, alipokuwa akiiangalia picha, alituambia tushukuru kwamba ni mkono na si nyonga. Kwa mtu wa miaka 76, alisema, shingo ya mfupa wa paja ikivunjika ni upasuaji, na baada ya upasuaji ni kitanda, na kitanda kirefu kwa mzee huzaa mengine: vidonda vya mgongo, kichomi, damu kuganda miguuni. Wengi wanaopona hawarudi kutembea kama walivyokuwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, kwamba wanaofariki zaidi ni walio na umri wa zaidi ya miaka 60, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani katika nchi kama yetu. Kabla ya alfajiri ile ningezisoma namba hizo nikapita. Sasa nikizisoma nasikia kopo likijiviringisha.

Siku za pole zilikuwa ndefu. Kinamama wa mtaa walikuja na uji, na machungwa, na kila mmoja na maelezo yake. Mmoja alisema kwa uhakika kwamba chooni alfajiri ni saa za mashetani, na kwamba Mama amesukumwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa upole:

"Dua ya kuingia niliisoma, bibi wee. Walionisukuma ni hawa watoto na tailizi zao."

Hakulisema kwa kuumiza, lakini liliniingia. Tailizi zile tuliziweka sisi, kwa mapenzi, na ni lazima nieleze tulivyoziweka.

Mwezi wa Shaabani wa mwaka uliotangulia ajali, Ramadhani ikikaribia, nyumba zote mtaani zilikuwa zinapakwa rangi. Kaka yangu mkubwa, aliyeko Dar es Salaam, alileta fedha na maagizo: bafu la Mama litengenezwe, mzee asichuchumae tena, aoge pahala penye hadhi. Bafu la zamani lilikuwa na sakafu ya saruji nyeusi iliyokwaruzwa mistari kwa ncha ya mwiko, choo cha kuchuchumaa, jiwe kubwa kando ya ukuta, na kamba nene ya katani ikining'inia kutoka kwenye boriti. Machoni petu pale palikuwa pahala pa umaskini. Fundi aling'oa vyote. Akaweka tailizi nyeupe kubwa zinazong'aa, sakafuni na ukutani, choo cheupe cha kukalia, na koki mpya. Mwenyewe nilisimama mlangoni nikatazama taa inavyoakisi sakafuni, nikafurahi mpaka machozi.

Mama alisema sentensi moja tu: "Sakafu ile ilikuwa inanijua." Tukacheka. Tulidhani ni mazoea ya mzee na kitu cha kale.

Baada ya ajali tukaanza kurekebisha, na hapo tukakosea mara ya pili. Nilikwenda dukani nikanunua vizulia viwili vya nyuzi, nikavitandaza. Vikawa vinahama na mguu, tena vikilowa vinakuwa vizito na kukunjamana pembeni, hatari juu ya hatari. Nikavitoa siku ya tatu. Wifi yangu akashauri tununue poti la kukalia likae chumbani, Mama asitoke usiku kabisa. Mama alilikataa katakata. Chumba kile ndicho anacholala na ndicho anachosalia, alisema, na hawezi kutandika mswala pembeni ya haja. Nilijaribu kumbembeleza siku mbili, kisha nikanyamaza, kwa sababu alikuwa na haki.

Halafu nikanunua reli. Ilikuwa bomba jembamba la kung'aa, la kutundikia taulo, na muuza duka alinihakikishia kwamba wengi huwanunulia wazee. Fundi alitoboa ukuta kwa drili, akatia fisha za plastiki, akakaza kwa skrubu za inchi moja na nusu. Nililivuta kwa mkono, likakaa imara. Jioni ya siku ya pili Mama alikuwa anainuka chooni, hogo mkono wa kushoto, mkono wa kulia kwenye reli, wifi amesimama mbele yake. Reli ikatoka. Ilitoka yote, na fisha zake, na tailizi mbili, na pande la lipu kubwa kama sinia. Wifi alimdaka Mama kifuani, akamrudisha akae. Alhamdulillahi hakuumia. Lakini pale ukutani palibaki shimo, na ndani ya shimo ulionekana udongo mwekundu wa babu, na fito zake, na kamba zilizofungia fito.

Mama alilitazama shimo lile kwa muda. "Baba yenu aliuficha udongo kwa lipu," akasema, "na nyinyi mnanining'iniza kwenye lipu."

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimetoa fedha, nimesumbua mafundi, nimezunguka maduka, na sikuwa nimefanya jambo moja lililo rahisi kuliko yote. Sikuwa nimemwomba Mama anionyeshe anafanya nini mle ndani.

Kulipokucha nilikwenda kwa mpwa wetu wa kike ambaye amesomea mazoezi ya viungo na anafanya kazi ya kuwatembeza wagonjwa waliovunjika. Alikuja mchana, akamwamkia bibi yake, wakazungumza sana habari za ukoo, kisha akamwambia: "Bibi, hebu tuoneshe asubuhi yako. Anza kitandani." Mama akaenda akalala, amevaa nguo zake zote, katikati ya mchana. Akaamka. Sisi tukamfuata nyuma kama watu wanaomsindikiza bibi harusi, mtoto na daftari mkononi.

Tulijifunza mengi kabla hata ya kufika bafuni. Akiinuka tu kitandani huyumba, hushika ukuta, husubiri. Mpwa wetu akampima presha akiwa amelala, akampima tena baada ya kusimama, na presha ikawa imeshuka sana. Daktari alipoambiwa alizitazama dawa zake upya. Kidonge kimoja, kile kinachopeleka haja ndogo mara kwa mara, Mama alikuwa anakimeza usiku, na ndicho kilichokuwa kinamwamsha mara tatu. Daktari akakihamishia asubuhi. Nasema ni daktari aliyekihamisha, si mimi. Dawa za presha mtu hazigusi kwa akili yake.

Kutoka chumbani hadi bafuni ni hatua 31, na swichi ya taa ya uani iko mwisho wa hatua ya 27. Safari yote Mama alikuwa anaifanya gizani, na jicho lake moja lina mtoto wa jicho. Hatua ya 30 ni kizingiti cha sentimita 10, kilichojengwa kuzuia maji yasitoke, nacho kilikuwa kimepakwa rangi ileile ya sakafu. Akaingia kwa mguu wa kushoto kama ilivyo sunna. Na ndani, kila kitu ni cheupe: sakafu nyeupe, ukuta mweupe, choo cheupe. "Mimi hapa sioni kitu," akasema. "Napapasa tu." Mwaka mzima hakutuambia, kwa sababu tulikuwa tumefurahi.

Kisha ikaja zamu ya udhu. Akachukua kopo, akaonyesha. Mikono, kinywa, pua, uso, kichwa, masikio, hayo yote salama. Alipofika miguuni akasimama, akatuangalia.

Miguu huanzwa na wa kulia. Mkono wa kulia unamimina, wa kushoto unasugua katikati ya vidole. Kwa hiyo mikono yote miwili ina kazi, mguu wa kulia uko hewani, na mwili mzima umebebwa na mguu wa kushoto, juu ya tailizi iliyolowa. Goti la kushoto ndilo goti bovu la Mama, linamuuma tangu zamani. Mara tano kwa siku, kwa mwaka mzima, mzee wa miaka 76 alikuwa anasimama kwa goti bovu juu ya kioo chenye maji, na mikono haina pa kushika.

"Sasa zamani ulikuwa unafanyaje, Mama?" nikamuuliza.

Akaelekeza kidole kwenye kona tupu. "Si palikuwa na jiwe langu? Nilikuwa nakaa."

Nilihisi moyo unanidondoka. Jiwe lile tulilolitoa kama takataka ndilo lilikuwa kiti chake cha udhu. Akiwa amekaa, miguu yote miwili iko chini, anaiosha mmoja mmoja bila kuinua kitu. Na ile kamba ya katani tuliyoiona kama uchafu, baba aliifunga mwenyewe kwenye boriti goti la Mama lilipoanza kuuma, ili ajivutie nayo akiinuka kutoka kuchuchumaa. Na ile mistari ya sakafu ilikuwa inaushika mguu wake. Kiti, mshikio, sakafu isiyoteleza: vyote vitatu Mama alikuwa navyo. Sisi ndio tuliovitoa, halafu tukazunguka mjini kutafuta vibadala vyake.

Pale pale akatuambia na jambo jingine. Alikwishateleza mara mbili kabla ya ajali. Mara moja alichubuka paja, akalificha chini ya kanga wiki nzima. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba mzee akisema ameanguka, siku ya pili watu wanaanza kumkataza kuoga peke yake. Nimewauliza wenzangu wenye wazazi wakubwa, na wengi wamekutana na jibu hilo hilo. Wazee wetu wanaficha michubuko ili wasinyang'anywe mlango wao.

Ujenzi wa pili ulichukua siku nne, na uligharimu chini ya nusu ya fedha za tailizi. Safari hii fundi alifanya kazi na Mama amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, hogo limeegemea pajani, anaulizwa kila kitu. Nataka nieleze yaliyofanyika kwa urefu, maana watu wengi wameniuliza.

Sakafu ilibomolewa yote. Fundi aligundua kwamba tailizi za kwanza hazikupewa mteremko wa kutosha, ndiyo maana maji yalikuwa yanatuama kwenye kona ya kutawadhia. Akaiinamisha sakafu upya kuelekea kwenye tundu la maji, kila mita moja ikishuka sentimita mbili hivi, na akaweka tailizi ndogondogo za kukwaruza, za rangi ya kijivu. Zile ndogo zina faida: viungo vya saruji kati yake ni vingi, na kila kiungo ni mstari mwingine wa kuushika mguu, sawasawa na mistari ya mwiko ya sakafu ya zamani. Kabla ya kupokea kazi tulizimwagia maji na povu la sabuni, nikapita juu yake peku.

Kuhusu ukuta wa udongo, fundi alikataa kabisa kuutoboa tena. Alisema ukuta ule unajibeba wenyewe, haubebi mtu. Badala yake alinunua bomba la chuma la inchi moja na robo, lile linalouzwa kwa urefu wa mita 6, akalikata. Kipande kirefu kikawa nguzo: chini kimezamishwa kwenye zege, juu kimefungwa kwa bolti kwenye boriti, palepale ilipokuwa inaning'inia kamba ya baba. Kinasimama mbele kidogo ya choo, upande wa kulia. Upande wa kulia ni kwa sababu zetu sisi. Baada ya haja mkono wa kushoto ndio unaosafisha, na ukimaliza hautaki kushika kitu; wa kuinukia ni wa kulia. Vitabu vya vipimo vya watu wengine havitalisema hilo. Pembeni ya choo pakajengwa rafu ndogo ya saruji usawa wa kiti, kopo likae hapo, Mama asiiname kulitafuta chini.

Kipande cha pili cha bomba kilifungwa wima kwenye fremu ya mlango, ambayo ni ya mninga na imara, kwa ajili ya ile hatua ya kutoka. Mtu hutoka chooni kwa mguu wa kulia, na Mama akitanguliza wa kulia, kwa dakika ile yote yumo juu ya goti bovu. Mpwa wetu alisisitiza nafasi kati ya bomba na ukuta isizidi sentimita nne: vidole vipite, lakini mkono mzima usiweze kupenya na kunasa mtu akiteleza. Mabomba yote yalipakwa rangi ya kuzuia kutu, kwani hewa ya chumvi ya Tanga haisamehe chuma, kisha yakapakwa buluu iliyoiva. Buluu ile Mama anaiona hata kwa lile jicho baya.

Vimo vya kukalia vilipimwa kwa mwili wake. Tulipima kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, ikawa sentimita 42, tukaongeza 4, kwa kuwa kiti kirefu kidogo huinukika kwa wepesi kuliko kifupi. Choo kikainuliwa juu ya msingi wa zege hadi kufikia 46. Wataalamu hupendekeza kati ya 43 na 48 kwa wazee walio wengi, lakini mtu mfupi miguu ikining'inia nayo ni hatari, kwa hiyo pima goti la mzee wako.

Na jiwe? Mpwa wangu wa miaka 14 alilipata. Lilikuwa mwisho wa barabara, vijana wanalitumia kama nguzo ya goli. Akalirudisha kwa toroli. Kimo chake hakikutosha kwa mahitaji ya sasa, halifiki hata sentimita 30, lakini fundi aliliweka katikati ya kona, akalijengea kibaraza cha saruji juu na pembeni, akaisugua sehemu ya kukalia isiwe na ncha. Koki ya udhu ikashushwa mbele yake, usawa wa magoti, kama zilivyo koki za misikitini ambako wazee hukaa kwenye vibaraza kutawadha tangu zamani. Tulikuwa tunapita mbele ya vibaraza hivyo kila siku.

Kizingiti kilichongwa kikawa mteremko, na ukingo wake umepakwa mstari wa njano. Swichi imehamishiwa mlangoni kwa Mama, na kwenye nguzo ya uani kuna taa ya sola inayowaka yenyewe mtu akipita, ili hata umeme wa Luku ukiisha usiku njia ionekane. Mlango sasa unafunguka kwa nje. Komeo limetolewa, pamewekwa kitasa ambacho ukiwa nje unaweza kukizungusha kwa sarafu. Mama alikubali kitasa hicho kwa sharti moja: mtu asikizungushe kabla hajaita mara tatu na kukosa jibu. Sharti hilo limeandikwa na kubandikwa mlangoni, na linafuatwa.

Kitu cha mwisho kilikuwa wazo la mjukuu. Aling'oa kengele kwenye baiskeli yake, akaifunga kwa waya chini kabisa ya ile nguzo ya buluu, sentimita 20 kutoka sakafuni. Nilimwambia ameiweka chini mno. Akanijibu: "Shangazi, Bibi akianguka atakuwa wapi?"

Hogo lilifunguliwa. Mkono umerudi, ingawa kamwe haukunyooka sawasawa, na kukamua kanga iliyolowa hawezi tena. Sasa ana miaka 79. Anaamka saa kumi, anakaa ukingoni mwa kitanda kwanza, anahesabu tasbihi 33, ndipo anasimama. Anaoga peke yake na mlango wake umefungwa. Nami nikilala upande wa pili wa ua nasikia kopo likiwekwa juu ya rafu.

Ndugu msomaji, kama una mzee nyumbani, mwombe leo akuonyeshe anavyotawadha na anavyooga, tangu kitandani. Shika kila anachoshika, ukivute kwa uzito wako wote. Na kama umempangia bafu jipya, usimruhusu fundi atoe kitu hata kimoja mle ndani, jiwe wala kamba, kabla mwenyewe hajakuambia kinamsaidia nini.